Mchumba wa Rubani Naye Alikuwa Rubani

Na mwanachama wa Kidato cha Nne

Niruhusu nikugombeze kidogo, kwa maana rafiki wa kweli ni yule akwambiaye lile usilotaka kulisikia.

Hadithi ya binti na rubani wa vita wengi wetu tunaijua hata kama hatujaisoma. Imo katika vile vitabu vinavyopitishwa chini ya madawati wakati wa masomo ya jioni (walimu, jifanyeni hamjaona mstari huu), na imo katika filamu pia. Kuna vita. Kuna barubaru mtanashati wa jeshi la anga, koti la ngozi mwilini, kofia imekaa upande. Kuna kidosho mwenye macho ya kurembua. Wanakutana dansini, wanapendana kabla muziki haujaisha, na kesho yake alfajiri kijana anaruka na ndege yake. Binti anabaki dirishani, leso mkononi. Ukurasa wa mwisho ama ndege inarudi, ama telegramu inafika. Msomaji anadondokwa na machozi, kisha kitabu kinaenda dawati la pili.

Muhula huu chama chetu kilijadili hoja kwamba mapenzi ya wakati wa vita ni upumbavu mtupu. Waunga mkono walisema msichana mwenye akili timamu hawezi kumkabidhi moyo wake mtu ambaye kesho huenda akawa maiti, angoje amani. Wapinzani wakajibu kwamba mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, na kwamba hakuna jambo tamu kama kumngojea umpendaye. Makofi yalipigwa, meza zikagongwa. Lakini ukipima vizuri utaona pande zote mbili zilikuwa na binti yule yule kichwani, yule wa dirishani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza: je, huyo binti mchana kutwa alikuwa akifanya kazi gani?

Basi mimi nina binti mwingine wa kuwaletea. Jina lake Diana Barnato, Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1918. Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia alichumbiwa na rubani wa kivita, akafiwa. Akaolewa na rubani mwingine, akafiwa tena. Ukisikia hivyo utadhani ni yule yule wa leso. La hasha! Diana mwenyewe alikuwa rubani.

Nianze na pesa, maana nikizificha mtanishika. Diana hakuwa mtoto wa mkulima. Baba yake, Woolf Barnato, alishinda mashindano ya magari ya Le mans kule Ufaransa mara tatu mfululizo, mwaka 1928, 1929 na 1930. Babu yake, Barney Barnato, alitajirika kwa almasi ya Kimberley, Afrika Kusini. Kwa hiyo ukifuata mkondo wa pesa zilizomfunza binti huyu kuruka, utafika kwenye shimo ambalo Waafrika walilichimba kwa jasho lao. Hilo nalisema nikaendelea, lakini nimelisema. Alijifunza urubani huko Brooklands mwaka 1938, na baada ya saa sita tu za mafunzo akaruka peke yake. Alikuwa na miaka 20.

Vita vilipopamba moto, Uingereza ilikuwa na tatizo ambalo vitabu vya mapenzi havilitaji. Viwanda vilitengeneza ndege usiku na mchana, lakini ndege haijipeleki yenyewe kutoka kiwandani hadi kituo cha jeshi. Marubani vijana walihitajika vitani. Ni nani basi wa kuzipeleka? Kikaundwa kikosi cha raia kilichojulikana kwa ufupi kama ATA. Humo waliingia wanaume ambao jeshi liliwakataa: wazee, wenye jicho moja, hata mwenye mkono mmoja. Na tarehe 1 Januari 1940 wakaingia wanawake wanane wakiongozwa na Pauline Gower. Mhariri mmoja wa jarida la mambo ya ndege alichukia kweli kweli, akaandika kwamba wanawake wa aina hiyo wanajitia kazi za wanaume wasizoziweza. Wanawake wenyewe hawakuwa na muda wa kumjibu. Mwanzoni walipewa vijindege vidogo tu vya mafunzo, visivyo na paa, wavipeleke hadi Scotland katikati ya majira ya baridi. Waliganda mikono, wakafika. Mwishowe walirusha karibu kila aina ya ndege iliyokuwapo, na walipita 160 kwa idadi.

Yupo mmoja wao, Mary Ellis, aliyefariki mwaka 2018 akiwa na miaka 101. Siku moja alitua na ndege kubwa ya mabomu aina ya Wellington. Mafundi wakamwona kidada kimoja chembamba kikishuka, wakamuuliza rubani yuko wapi. Akawaambia ni yeye. Hawakuamini ng'o! Walipanda ndani ya ndege wakamtafuta huyo rubani mpaka wakachoka.

Diana alijiunga nao mwaka 1941. Sasa hebu tazama kazi yenyewe ilivyokuwa, ndipo utajua ninalolitetea. Ndege walizorusha hazikuwa na redio ya kuwasiliana. Bunduki zake, hata zilipokuwapo, hazikuwa za kutumiwa na wao. Hawakufundishwa kuruka kwa kutegemea vyombo ndani ya mawingu. Waliambiwa waruke wakiiona ardhi, waifuate reli, mto na barabara. Rubani wa jeshi alizoea aina moja au mbili za ndege, lakini hawa waliweza kukabidhiwa asubuhi ndege ambayo hawajawahi kuigusa. Walikuwa na kijitabu kidogo cha kadi, kila aina ya ndege na maelezo yake mafupi. Unakaa kitini, unafunua kadi, unasoma, unaruka! Sisi tunaolalamika mtihani ukituletea swali tusilolizoea, tujipime hapo. Kufikia mwisho wa vita Diana alikuwa amepeleka Spitfire 260, achilia mbali ndege za aina nyingine nyingi.

Siku moja alikuwa ndani ya Spitfire akamezwa na wingu ghafla. Haoni mbele wala chini. Akafikiri kujitupa kwa parachuti, lakini alikuwa amevaa sketi ya sare, na baadaye alisimulia bila kuficha kwamba aliona haya jinsi ambavyo angeonekana akiteremka. (Wasichana wenzangu mnaelewa, wavulana cheko lenu mwalimezee.) Akaamua kushuka na ndege taratibu ndani ya giza lile jeupe, mpaka akatokea chini ya wingu vilele vya miti vikiwa karibu kumgusa. Akaona kiwanja kidogo cha Windrush, akatua. Aliposhuka magoti yalikataa kumbeba.

Huyu ndiye binti ninayewaambia alipenda rubani. Je, ni nani angemweleza yeye hatari ya urubani ni nini?

Mchumba wake wa kwanza aliitwa Humphrey Gilbert, kiongozi wa kikosi cha Spitfire. Inasimuliwa kwamba Diana alitua katika kituo chake cha Debden, na kijana akawanong'oneza mafundi wahakikishe ndege ya mgeni haiwaki upesi. Ndege ikakaa siku tatu na "ubovu" usiojulikana. Hila hiyo, jamani, hata mimi imenichekesha. Uchumba ukafungwa haraka, na siku chache tu baadaye, Mei 1942, Humphrey akafa. Wala hakutunguliwa na adui. Ndege ilianguka karibu na nyumbani, na ndani yake, ndege ya kiti kimoja, walikuwamo watu wawili. Mwenye kitabu cha mapenzi hawezi kuandika kifo kama hicho. Angempa shujaa wake adui kumi na machweo mekundu. Kifo cha kweli kilikuja kwa jambo la kipuuzi, mtu aliyeona si kitu kumpakia mwenzake.

Mwunga mkono wa hoja yetu hapa angesimama: "Mnaona? Hilo ndilo tulilosema!" Angojee kidogo.

Diana aliendelea kupeleka ndege. Tarehe 6 Mei 1944, miaka miwili baada ya msiba ule, akaolewa na Derek Walker, afisa wa cheo cha juu katika Jeshi la Anga la Uingereza. Fungate yao ndiyo ambayo watu huipenda kuisimulia. Jiji la Brussels lilikuwa limekombolewa kutoka kwa Wajerumani mapema Septemba mwaka huo. Haukupita muda, bibi na bwana wakaruka kwenda huko, kila mmoja na Spitfire yake, kama wenzetu wanavyotoka na baiskeli mbili. Jeshi lilipojua, Derek akakatwa mshahara wa miezi mitatu.

Wapo wanaosimulia kisa hiki kwa kushangilia. Mimi sishangilii sana. Petroli ile ililetwa Uingereza na meli, na mabaharia wengi walizama baharini wakiileta. Si haki mtu kuiteketeza kwa ajili ya fungate. Mshahara wa miezi mitatu naona ni adhabu nyepesi. Hata hivyo, kuna jambo moja katika safari ile ambalo siwezi kulipuuza. Ndege zilikuwa mbili. Hakuna aliyebaki dirishani. Mke hakukaa nyuma ya mume akishika kiuno chake, alikuwa na usukani wake mkononi, na ukungu ulipowatenganisha juu ya bahari wakati wa kurudi, kila mmoja ilibidi aitafute nchi kavu kwa akili yake mwenyewe. Diana aliipata.

Sasa niwajibu wale wa "angoje amani". Vita viliisha Ulaya Mei 1945. Japani ikatia sahihi kushindwa kwake tarehe 2 Septemba 1945. Amani ilikuja, watu wakacheza barabarani. Na tarehe 14 Novemba 1945, siku ya amani kama siku nyingine, Derek Walker akafa katika ajali akirusha ndege aina ya Mustang. Walikuwa wamekaa katika ndoa miezi 18. Kama Diana angeufuata ushauri wa wenzetu, angengoja mpaka Septemba, aanze kushona gauni la harusi, na Novemba amzike mchumba badala ya mume. Angepata nini kwa kungoja? Miezi 18 angeikosa, na msiba angeupata vile vile.

Tena hiyo hoja ya kukimbia hatari ilikuwa na maana gani mahali pale? Kati ya Septemba 1940 na Mei 1941 mabomu ya Wajerumani yaliua raia zaidi ya 40,000 nchini Uingereza. Mwokaji mikate alikufa, karani alikufa, mwalimu alikufa. Binti ambaye angempenda karani ili awe salama angeweza kumpoteza kitandani. Sikatai kwamba rubani alikaribia kifo zaidi ya wengine. Katika vikosi vya ndege za mabomu vya Uingereza walihudumu kama watu 125,000, na kati yao 55,573 walikufa. Hesabu hiyo inatisha, na dada anayempenda mmoja wao lazima aijue. Lakini kuijua na kuchagua ni jambo moja, kutoijua na kuvutwa na vifungo vya koti ni jambo lingine kabisa. Wasichana tunaoteleza tukiona sare, hapo ndipo tunapopaswa kuulizana maswali.

Ninawapinga pia wale wa upande wa pili, wenye kusema kungojea ni kutamu. Kutamu kwa nani? Novemba 1945 kwa Diana ilikuwa na pigo la pili. Mwezi huo huo ATA ilifungwa. Kikosi kilikuwa kimepeleka ndege zaidi ya 309,000. Wanawake wasiopungua 15 walikuwa wamekufa kazini, akiwamo Amy Johnson aliyejulikana duniani kote, ambaye aliangukia kwenye maji baridi ya mlango wa mto Thames Januari 1941. Mwaka 1943 walikuwa wamefaulu kulipwa mshahara sawa na wanaume kwa kazi ile ile, jambo ambalo hata leo mahali pengine linabishaniwa. Amani ilipokuja wakaambiwa asanteni, nendeni nyumbani. Jeshi la anga halikuwa na nafasi ya rubani mwanamke. Kwa mwezi mmoja mtu amepoteza mume na kazi. Ikiwa kuna mahali pa kutoa leso na kulia katika kisa hiki, naona ni hapo kwenye kazi vile vile, si kwenye kaburi peke yake. Lakini sijasoma kitabu cha mapenzi ambamo msomaji huombwa alie kwa ajili ya kazi ya msichana.

Nikitoka nje kidogo tu: vita vile vile viliwachukua babu zetu pia. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa ikipenya matope ya bonde la Kabaw kule Burma, vijana wa KAR kutoka vijiji vyetu. Nao walikuwa na wachumba na wake nyumbani. Wale kina mama hawakukaa dirishani, kwani nani angelima? Walilima, wakachota maji, wakalipa kodi, wakalea. Ukienda kwa nyanya yako likizo hii umuulize mama yake alingojaje, usishangae akikujibu kwamba hakungoja, alifanya kazi. Mapenzi yao hayakuandikwa vitabu kwa sababu askari wa miguu hana koti la ngozi.

Nirudi kwa Diana. Aliapa kutoolewa tena. Hakuapa kutopenda tena, na hapa walimu watanivumilia, maana sitaki kusimulia nusu ya mtu. Baadaye alikuwa na uhusiano wa miaka mingi na Whitney Straight, ambaye naye alikuwa rubani wa vita na alikuwa mume wa mtu. Mwaka 1947 akamzalia mtoto wa kiume. Yeye mwenyewe hakulificha jambo hilo. Silisifu, na sidhani mke wa Straight alilisifu. Nimelitaja kwa kuwa hadithi zetu za dirishani humaliza pale telegramu inapofika, kana kwamba binti naye amezikwa siku hiyo. Huyu aliishi miaka 62 baada ya kifo cha Derek. Alifariki Aprili 2008, akiwa na miaka 90. Miaka 62, msomaji! Ni nani kati ya waandishi wa mapenzi aliyewahi kuifikiria?

Aliitumia vipi? Alirudi angani. Kwa miaka mingi alifanya kazi na shirika la vijana wa kike, akiwapakia wasichana ndegeni waionje anga. Na tarehe 26 Agosti 1963 akapewa nafasi ya kurusha Lightning, ndege ya kivita ya jeti yenye viti viwili. Alifikia mwendo wa kilomita zaidi ya 2,000 kwa saa, akawa mwanamke wa kwanza wa Uingereza kuupita mwendo wa sauti. Kwa kasi ile mtu angetoka Nairobi akafika Mombasa kabla ya robo saa kwisha. Alikuwa na miaka 45, umri ambao wengine wetu hudhani mama hawezi hata kuendesha baiskeli.

Watasema nimemchagua mtu mmoja wa ajabu, tena tajiri, na kwamba wasichana wengi wa enzi ile hawakurusha kitu chochote. Ni kweli hawakurusha. Walikuwa viwandani wakipigilia misumari mabawa ya ndege, walikuwa kwenye meza za ramani wakisukuma alama za ndege za adui, walikuwa wauguzi na madereva wa malori. Marubani waliwapenda hao. Nadiriki kusema kwamba yule wa dirishani, asiye na kazi ila kungoja, ndiye aliyekuwa wa ajabu, tena wa ajabu hasa, kwa sababu aliishi zaidi vitabuni kuliko mitaani.

Maktaba yetu ina rafu nzima ya vitabu vyake, vingine vimeraruka kwa kuazimwa. Sisemi vitupwe, hata mimi jina langu limo kwenye kadi za kuazimia, na si mara moja. Lakini Diana aliandika kumbukumbu zake mwenyewe, zikachapishwa mwaka 1994, kitabu kikiitwa Spreading My Wings. Hatuna nakala. Mwalimu wa maktaba, orodha ya vitabu vya mwaka ujao itakapoandikwa, ombi langu ni hilo moja, na wa kwanza kukiazima nitakuwa mimi.